Kipimo cha MRI kwa mbwa aliyepata kiharusi: huduma niliyoipata na pesa niliyolipa

Nianze na jibu, maana najua anayetafuta habari hizi huenda ana mbwa au paka amelala sakafuni kichwa kimepinda, na hana muda wa hadithi. Je, kipimo cha MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku kubwa, kinafaa kulipiwa mnyama akishukiwa kiharusi? Ndiyo, kinafaa. Kinafaa hata kama bei yake inauma. Lakini kinafaa zaidi pale ambapo mashine ina nguvu ya kutosha na wanaoiendesha wanapiga picha za difyusheni, zile zinazoonyesha maji yanavyotembea ndani ya ubongo, na hilo ndilo la kuulizia kabla hujatoa pesa yoyote.

Mimi kazi yangu ya kila siku ni kupiga picha za MRI katika hospitali ya watu hapa Nottingham, Uingereza. Wagonjwa wa kiharusi nawaona kila wiki: mzee aliyeamka mkono mmoja hauitiki, mama aliyekuwa jikoni akaanza kutoa maneno yasiyoeleweka. Kwa hiyo naandika kama mteja aliyefungua pochi, na pia kama mtu wa fani anayeitambua picha nzuri na picha ya kubabaisha. Hospitali yenyewe sitaitaja jina, kwa sababu nina malalamiko ambayo nimeshawaandikia wenyewe. Ni hospitali ya rufaa ya wanyama, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka mjini.

Mgonjwa ni Tausi, Greyhound jike wa miaka tisa, rangi ya majivu. Alikuwa mbwa wa mbio. Ndani ya masikio bado ana namba zake zilizochorwa kwa wino. Alipostaafu tulimchukua, na tangu hapo kazi yake kubwa ni kulala kwenye kochi na kumsubiri Baba Upendo arudi kazini. Waliofuga Greyhound wanajua ni mbwa wa peke yake hadi ndani ya damu. Chembe zake nyekundu ni nyingi kuliko za mbwa wengine, presha yake ya kawaida iko juu, na ukimpima kreatinini ya figo atakuletea namba ambayo kwa mbwa mwingine ingemshtua daktari. Damu nzito na presha ya juu ndiyo mambo madaktari wanayoyashuku wanapoona Greyhound wanaletwa na kiharusi mara nyingi kuliko mbwa wa aina nyingine. Cavalier King Charles Spaniel nao wamo, hasa kwa kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo.

Jumamosi asubuhi Tausi alinyanyuka kwenye godoro lake, akaenda kombo, akagonga mlango wa jikoni kwa bega. Nilidhani kateleza. Alipojaribu tena nikaona kichwa kimeegemea kushoto, macho yanachezacheza yenyewe, na mguu wa mbele wa kulia unanyanyuka juu kupita kiasi kabla ya kukanyaga, kama askari kwenye gwaride. Akatapika. Hakulia, na fahamu zake zilikuwepo: ukimwita anakutazama, ila macho hayatulii mahali pamoja.

Kliniki ya mtaani kwetu walimpokea haraka, na hilo nawashukuru. Daktari wa zamu alimpima presha, akachukua damu, akamwangalia macho na masikio. Akasema mbwa wengi wazee wanaopinda kichwa ghafla wana tatizo la sikio la ndani, na hao hupona wenyewe bila dawa kubwa. Ni kweli. Watu wengi huku wakiona mbwa mzee kapinda kichwa wanasema "kapata kiharusi", kumbe sikio. Lakini ule mguu wa kulia ulimsumbua, kwa sababu ugonjwa wa sikio la ndani haumfanyi mbwa anyanyue mguu namna ile. Hapo ikabaki ubongo wenyewe. Kisha akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba kwa umri wa Tausi uvimbe wa kansa kwenye ubongo unawezekana sana, na kwamba familia nyingi zikifika hapo huamua kumpumzisha mbwa asiteseke.

Sina kinyongo naye. Alisema alichokiona kwa macho na vidole vyake. Ila hapa ndipo penye uzito wa jambo zima: kwa macho ya nje, mbwa mwenye uvimbe na mbwa mwenye mshipa ulioziba wanaweza kufanana kabisa. Wa kwanza siku zake zinahesabika. Wa pili, mara nyingi, ukimpa wiki chache za uangalizi anasimama. Watu wanamchoma mbwa sindano ya mwisho kwa ugonjwa ambao angeupona, na wanafanya hivyo kwa mapenzi, kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha ndani kuna nini.

Nilimpigia mama yangu aliyeko Moshi, Tanzania, nikiwa bado kwenye maegesho ya kliniki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hivyo?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema: "Yule mbwa wa mlinzi wa kwa mzee Massawe alipinda kichwa hivyo hivyo. Tukasema kalishwa sumu. Hata siku haikuisha wakamuua." Akaongeza: "Kama huko mna mashine ya kuangalia, muangalie. Babu yako hakuwa na mashine."

Kliniki walinipa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa mashine ya karibu, nafasi ipo kesho yake, bei nafuu. Nikauliza sumaku yake ina nguvu gani: haikufika hata nusu Tesla. Ya pili ilikuwa hospitali ya rufaa, Tesla 1.5, kama ninayofanyia kazi mimi. Kwa mgongo, kwa goti, kwa uvimbe mkubwa, ile mashine ndogo ingetosha, na siwakatishi tamaa wanaoitumia. Kwa kiharusi kichanga hapana. Mashine nyingi ndogo za wanyama hazipigi difyusheni, na zinazopiga hutoa picha yenye chenga tupu, huwezi kuapa kwa kitu unachokiona.

Nikapiga simu hospitali ya rufaa. Aliyepokea hakujua difyusheni ni nini, lakini hakubabaisha: alinihamishia chumba cha MRI. Mtaalamu wa kule akanijibu kwa sentensi mbili kwamba difyusheni iko kwenye orodha yao ya kila ubongo, pamoja na ramani ya ADC, ile inayothibitisha kama maji yamekwama kweli, na kwamba kama tunashuku kiharusi wanaongeza na picha za kuonyesha damu iliyovuja. Hapo nikajua niko na watu wanaojua kazi yao. Nyota ya kwanza waliipata kwenye simu hiyo.

Acha nieleze difyusheni kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu ndiyo bidhaa unayoilipia. Seli ya ubongo ina pampu zinazotoa sodiamu nje muda wote, na pampu hizo zinakula nishati. Mshipa ukiziba, damu haifiki, nishati inakatika, pampu zinasimama. Sodiamu inabaki ndani, maji yanaifuata, seli inavimba. Maji ambayo kabla yalikuwa yakizungukazunguka kwa uhuru baina ya seli sasa yamebanwa. Picha ya difyusheni inapima hicho tu: maji yanatembea au yamekwama? Palipokwama panawaka nyeupe. Picha ya kawaida ya T2 haioni hayo mapema, inasubiri maji yaongezeke kwenye tishu yenyewe, na hilo linachukua saa kadhaa.

Na hili limegunduliwa kwa wanyama. Mwaka 1990 Michael Moseley na wenzake, Chuo Kikuu cha California kule San Francisco, waliziba mshipa mkubwa wa katikati wa ubongo kwa paka waliokuwa wamelazwa kwa dawa, wakawaweka kwenye sumaku. Difyusheni ilionyesha eneo lililokosa damu ndani ya dakika 45. T2 ilikuwa bado haioni kitu. Ilihitaji saa mbili hadi tatu. Kabla ya hapo, mwaka 1977 London, Jens Astrup, Lindsay Symon na wenzao walipima nyani aina ya babuni wakaona kwamba mtiririko wa damu ukishuka mpaka kiwango fulani, seli zinaacha kutoa umeme lakini bado hazijafa. Ukishuka tena chini zaidi, potasiamu inamwagika nje na hapo ndipo zinapopotea. Ukanda ule wa katikati, wa seli zilizonyamaza lakini zi hai, ndio unaokimbiliwa na madaktari wa kiharusi duniani kote mpaka leo. Nikiwa kazini namwona mgonjwa anakimbizwa kwenye korido ili apate dawa ya kuyeyusha bonge la damu ndani ya saa nne na nusu, najua mbio hizo zilianzia kwa viumbe wale.

Kwa hiyo mbwa wangu kulazwa kwenye mashine ile naona ni haki yake. Paka na babuni walilipa kwa uhai wao, binadamu tukafaidi kwanza. Kwamba sasa elimu hiyo imerudi kwa mbwa wa nyumbani, na daktari wa wanyama anaisoma kama anavyoisoma daktari wa watu, kwangu mimi ni jambo la kushukuru sana. Na kwa sisi wa Nottingham kuna la ziada: upigaji wa haraka unaobeba difyusheni karibu yote chanzo chake ni hesabu za Peter Mansfield, aliyekuwa chuo kikuu cha hapa hapa mjini. Aliuchapisha mwaka 1977, akapata Nobel mwaka 2003 pamoja na Paul Lauterbur.

Tulipelekwa Jumapili. Hospitali ina daktari wa mishipa ya fahamu wa zamu siku zote, na hilo nililithamini, kwa kuwa kiharusi hakisubiri Jumatatu. Daktari mwenyewe, mama wa makamo, alikaa sakafuni na Tausi kabla hata hajaniangalia mimi. Alimgeuza unyayo wa kila mguu juu-chini aone kama ataurudisha. Akamtazama macho akiwa amelala chali, yakaanza kucheza kutoka juu kwenda chini. Akasema, "Kichwa kimeegemea kushoto, lakini mimi nafikiri tatizo liko kulia." Nilimwamini kwa sababu nilijua anachosema: kiharusi cha serebela, ile sehemu ya nyuma inayoshika mizani ya mwili, wakati mwingine kinamfanya mbwa aegemee upande usio na ugonjwa, huku miguu ya upande wenye ugonjwa ndiyo inayovuruga hatua.

Waliponiuliza kazi yangu na nikawaambia, waliniruhusu kusimama chumba cha kuendeshea mashine, nyuma ya kioo. Sidhani wanamruhusu kila mtu, wala msidai hivyo.

Mbwa hawezi kuambiwa "usitikisike", kwa hiyo ni lazima nusu kaputi kamili. Kwa Greyhound jambo hili lina historia yake: dawa za zamani za kundi la thayopentoni zilikuwa zinakaa mwilini mwao muda mrefu kupita mbwa wengine, wanachelewa sana kuamka. Nilimuuliza muuguzi wa ganzi wanatumia nini. Akasema propofoli ya kulazia, kisha gesi, na akanionyesha karatasi ambayo tayari ilikuwa imeandikwa aina ya mbwa kwa kalamu nyekundu. Wakamvua kola yenye kifungo cha chuma. Wakamwekea mrija wa kupumulia, pamba masikioni kwa sababu sumaku inapiga kelele kweli kweli, mafuta ya macho yasikauke. Greyhound hana mafuta mwilini, anapoa upesi, wakamzungushia plastiki ile yenye mapovu ya hewa, juu yake blanketi mbili. Waya za moyo, mrija mrefu wa kupima hewa anayoitoa, mkanda wa presha kwenye mguu wa nyuma. Kichwa wakakiingiza kwenye koili, kifaa kinachozunguka kiungo na kupokea ishara za picha. Ilikuwa koili ya goti la binadamu, ile ile tunayotumia sisi kwa wachezaji mpira, na kichwa chake chembamba kikakaa ndani vizuri kabisa.

Ubongo wa mbwa hauzidi limau kubwa. Picha ambayo kwa mtu ina nafasi ya kutosha, kwa mbwa inabidi ikatwe nyembamba na ichukue muda mrefu zaidi ili isiwe ukungu. Nilitazama namba zao kwenye skrini na sikuona pa kukosoa. Walianza na T2, wakafuata FLAIR, inayozima mwanga wa maji ya kawaida ya ubongo, kisha difyusheni, kisha ile ya kutafuta damu iliyovuja, mwisho wakachoma dawa ya gadolinia, inayofanya sehemu nyingi zenye uvimbe ziwake, na kurudia. Kwenye picha ya kutafuta mkao palionekana shimo jeusi shingoni: ile chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi inaharibu sumaku mahali pake. Haikufika kwenye ubongo.

T2 ilipotoka niliona doa kulia, kwenye serebela. Umbo lake kama kabari, ukingo umekatika kwa kisu. Uvimbe wa kansa mara nyingi unasukuma vitu, unavihamisha. Hili halikusukuma chochote. Moyo ulinienda mbio lakini nikangoja. Difyusheni ikaja: nyeupe, inawaka, inafuata mpaka ule ule wa eneo linalolishwa na mshipa wa mbele wa serebela. Sasa, doa linaloweza kuwaka kwenye difyusheni si la kuaminiwa peke yake, kwa sababu kitu kinachong'aa sana kwenye T2 kinaweza kupenyeza mwanga wake na kukudanganya. Ndiyo maana ya ramani ya ADC. Mtaalamu akaifungua bila kuombwa. Mahali pale pale, nyeusi tii. Maji yamekwama kweli. Picha ya damu iliyovuja: safi. Baada ya gadolinia: hakuna kilichowaka.

Daktari akatoka kwenye kiti chake, akaja upande wangu. "Ni mshipa ulioziba," akasema. "Ni wa juzi-jana. Mwamshe tu."

Hapo hapo akafuta hatua iliyokuwa inafuata, ya kuchoma sindano nyuma ya shingo ili kutoa maji ya uti wa mgongo. Ingelikuwa picha za T2 peke yake, angelazimika kuwaza ubongo kushambuliwa na kinga ya mwili yenyewe au maambukizi, na sindano ile ingechomwa. Hii ni faida ya difyusheni ambayo haiandikwi kwenye bango la bei. Niseme tu kwa uaminifu wa fani kwamba usaha na baadhi ya kansa zenye seli zilizosongamana nazo hubana maji zikawaka. Daktari hasomi picha moja, anasoma zote pamoja na mbwa aliye mbele yake.

Upande wa pesa. Bili yote, yaani daktari, nusu kaputi, MRI, vipimo vya damu na kulala usiku, ilivuka pauni 3,400. Bima ililipa sehemu kubwa, lakini mbwa akishafika umri fulani bima nyingi za hapa zinakukata asilimia juu ya kile kiwango cha kwanza unachotoa mwenyewe, yetu ni asilimia 20. Hesabuni hilo mapema. Wao hospitali walitaka amana kabla ya kipimo, na waliniambia kiasi kwa maandishi, bila kuongeza hata pauni moja baadaye.

Malalamiko sasa. La kwanza ni ripoti. Majibu ya mdomo nilipewa siku ile ile, vizuri. Ripoti ya maandishi ya mtaalamu wa radiolojia ilichelewa sana, mpaka kliniki ya mtaani ikawa inanipigia mimi kuuliza. Daktari wa mtaani ndiye anayeendelea kumtibu mbwa. Bila karatasi anafanya kazi gizani. La pili, usiku ule Tausi alipolazwa tuliahidiwa simu baada ya kuamka. Simu haikuja. Nilipopiga mimi, aliyepokea hakujua mbwa yupi, akaniweka kwenye muziki wa kusubiri. Tausi alikuwa ameamka salama zamani, kumbe. Kwa mtu ambaye hajui nusu kaputi inavyokwenda, saa zile ni mateso. Hospitali inayojua kumfunga mbwa blanketi mbili inaweza kumkumbuka na mwenye mbwa.

La tatu ni dogo lakini linanigusa. Nilimuona baba mmoja kwenye sebule ya kungojea, ana Cavalier mdogo mapajani, akielezwa "tutafanya MRI" bila kuambiwa itaangalia nini wala itabadilisha nini. Alitia sahihi karatasi ya pesa nyingi akiwa haelewi. Mimi nilikuwa na elimu ya kuuliza maswali. Yeye hakuwa nayo, na hilo halikupaswa kuleta tofauti.

Baada ya kipimo ndipo utagundua kwamba picha haitibu. Kwa mbwa hakuna ile dawa ya kuyeyusha bonge wanayopewa watu. Wanafika wamechelewa, na haijathibitishwa kwao. Tiba ni uangalizi: dripu, dawa ya kichefuchefu, kumgeuza asipate vidonda, kumshika tumbo kwa taulo anapotaka kutoka nje. Kazi kubwa ni kutafuta kwa nini mshipa umeziba. Presha ikapimwa mara kadhaa akiwa ametulia. Mkojo ukapimwa protini, maana figo. Tezi ya adrenali ikaangaliwa. Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2005, wa Laurent Garosi na wenzake, uliofuatilia mbwa 33 waliopata kiharusi cha aina hii: waliokutwa na ugonjwa mwingine nyuma yake, hasa figo na ugonjwa wa Cushing, yaani mwili kuwa na homoni ya kotisoli kupita kiasi, ndio walioishi muda mfupi zaidi na ndio waliorudiwa zaidi. Sehemu kubwa ya elimu hiyo ilitoka Animal Health Trust kule Newmarket, taasisi iliyofungwa mwaka 2020 kwa kukosa fedha, na fani hii bado inaisikia pengo lake.

Kwa Tausi kilichopatikana ni presha na protini kwenye mkojo. Sasa anakula vidonge vya presha na vya kuzuia damu kugandana, na kliniki ya mtaani inampima kila wakati unaopangwa. Macho yaliacha kucheza mapema tu. Kichwa kilichukua muda, na akichoka sana jioni bado kinaegemea kidogo. Mguu wa kulia umerudi, ila ngazi hatumruhusu tena, na Upendo amemwekea mkeka wa mpira kwenye sakafu yote ya jikoni.

Mama alipoona video yake akitembea alitaka kujua kama wafugaji wa kule nyumbani wana la kujifunza hapa, maana sumaku ya Tesla 1.5 si kitu cha kumwambia mtu aendeshe gari kwenda kutafuta. Nilimjibu kwamba sehemu ya thamani haina sumaku. Mbwa mzee akipinda kichwa ghafla, asiuawe siku ile. Mpe maji kwa kijiko, mlaze pasipo ngazi, muite daktari wa mifugo ampime presha na figo, mtazame siku tatu nne. Anayeendelea kuzidiwa ni habari nyingine. Anayeanza kunyanyua kichwa kidogo kidogo, mwache anyanyuke. Mama alisema atampelekea mzee Massawe salamu hizo, ana mbwa mwingine sasa.

Hospitali hii naipa nyota nne kati ya tano. Picha, daktari na nusu kaputi ni nyota tano bila ubishi, na ningemrudisha Tausi kesho ikibidi. Ya tano nimeizuia kwa ile simu ya usiku na ripoti iliyochelewa; wamenijibu kwamba wanabadilisha utaratibu wa simu, nikiona limefanyika nitairudisha. Ukiamua kwenda, omba uunganishwe na chumba cha MRI moja kwa moja, waambie dalili zilianza saa ngapi, uliza difyusheni na ADC kwa majina hayo, dai nakala ya picha zako kwenye diski kabla hujatoka, na mbwa asile kitu chochote mpaka wakuelekeze, kwa ajili ya nusu kaputi.